Mwenye Mfupa wa Gitaa Yangu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kusikia mtu akiguna. Haya mambo sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, na kidole chenyewe ni hiki hapa, cha pete, mkono wa kushoto. Na usidhani nitakupeleka usiku wa manane penye giza na bundi. Ilikuwa mchana, jua la Kitengela linawaka, nguo zimeanikwa, jirani anasonga ugali.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya wakili pale Kitengela. Baba alituleta kutoka Kakamega miaka ya tisini alipopata kazi ya kiwanda upande wa Athi River. Alipofariki tukabaki mimi na Mama katika nyumba ya kupanga, vyumba viwili ndani ya ploti yenye geti la mabati. Siku za kazi vidole vyangu vilikuwa vya wakili. Jumapili vilikuwa vya Mungu, kwa sababu nilipiga gitaa kanisani. Naam, msichana na gitaa. Waliozoea kusema walisema wakachoka.

Gitaa niliyokuwa nikipiga ilikuwa ya kuazima, ile ya kawaida isiyotumia stima, imepasuka ubavuni na kuzibwa kwa gundi. Mimi nilitaka gitaa ya stima. Na si ya dukani. Nilitaka iliyotengenezwa na Fundi Nzioka.

Huyu Nzioka alikuwa Mkamba mwenye karakana nyuma ya soko la Kajiado. Nilisikia gitaa yake mara ya kwanza nikiwa bado shuleni, katika mkutano wa injili kule kule Kajiado. Mhubiri alisema nini sikumbuki hata neno moja. Gitaa nilikuwa nikiisikia hadi nikilala. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia gitaa nzuri inatoka ng'ambo, nilimjibu kwa ukali hadi Mama ananikanyaga mguu.

Kila kitu alitengeneza kwa mkono. Mbao alitoa kwa vitanda vya zamani vya mbao ngumu. Sumaku alizitoa kwa spika za redio zilizokufa, akazizungushia waya mwembamba wa shaba kwa gurudumu la cherehani kuukuu, taratibu, huku akipiga mluzi. Lakini jambo lililomtambulisha lilikuwa mfupa. Kwenye shingo ya gitaa, kule juu karibu na funguo za kukazia, kuna kipande kidogo chenye mikato ambamo nyuzi zote hupita. Mafundi wengine walikata plastiki ya kitana wakaweka hapo. Nzioka aliweka mfupa, akausugua hadi unang'aa.

Na hakuuchukua kwa buchari, duka la nyama. "Mfupa ya buchari iko na mafuta," alikuwa akisema, uso umekunjamana kama aliyeonja maziwa yaliyoharibika. "Ukiweka kwa gitaa, sauti inalala. Mimi nataka ile imekaushwa na jua." Kwa hivyo alikuwa akitembea mbugani nje ya mji akiokota mifupa. Mwaka ule kiangazi kilikuwa kirefu, ng'ombe walikuwa wamekufa ovyo, na mifupa ilikuwa kila mahali. Nani angemuuliza anaokota nini?

Nilidunduliza mshahara wa karani hadi nikamwagiza anitengenezee moja. Aliponiita niende kuichukua, nilimkuta ameifunika kwa shuka safi kama maiti. Akafunua. Haki ya Mungu, nililia. Ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi, nyepesi, na ule mfupa wake mweupe pe. Nzioka alikasirika. "Unalia nini sasa? Piga!" Nikapiga. Akakaa kwenye kigogo, akainamisha kichwa, na nilipomaliza alisema hiyo ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Nilirudi Kitengela nimeikumbatia njia nzima, sikuruhusu mtu aiweke kwa keria ya matatu.

Wiki za kwanza zilikuwa raha tupu. Kisha uzi wa pili ukaanza vituko. Ukiukaza, baada ya muda sauti yake inapanda yenyewe. Kwa kawaida uzi hushuka, hulegea, kila mpigaji anajua. Huu ulikuwa unapanda, kama kuna mtu anakaza ufunguo polepole ukiangalia kando. Niliulegeza, nikautukana kidogo, nikaendelea.

Halafu kidole. Asubuhi moja ofisini nikaona ninakosea herufi, kila mara zile za kidole hiki. Nikakigusa kwa mkono mwingine na kilikuwa baridi. Si baridi ya asubuhi, ilikuwa kama nimeshika chupa ya soda iliyotoka kwa friji. Nikakisugua, nikakipulizia, nikakitia kwa maji moto. Wapi! Mama akakipaka mafuta ya ng'ombe na kukiombea, akikemea kila pepo analolijua kwa jina, na mengine nadhani alikuwa anayabuni.

Nikaenda hospitali. Daktari alinichoma ncha ya kidole kwa sindano na sikuhisi kitu. Akaniuliza kama nimewahi kuumia, nikasema hapana. Akasema labda ni mishipa ya damu, tungoje, lakini baridi ikishuka hadi kiganjani nirudi haraka, tutazungumza mambo mengine. Mambo gani? Hakusema. Alikuwa anaangalia mkono wangu vile fundi anavyoangalia mbao anayotaka kukata, na mimi si mtoto, nilielewa.  Bila mkono huu, wakili angenipa kazi gani? Mama angekula nini? Na gitaa je? Niliogopa sana, sitaki kukudanganya.

Sasa sikiliza.

Ilikuwa Jumapili, alasiri, tumeshatoka kanisani. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, mambo ya kawaida ya Kitengela. Nilikuwa nimekaa mlangoni, gitaa pajani, ampu, kile kisanduku cha kukuza sauti, iko sakafuni nyuma yangu. Waya wa gitaa ulikuwa umechomekwa kwa ampu, lakini ampu yenyewe hata kwa soketi haikuwa. Nilitaka tu kujua kama kidole kingekubali kubonyeza. Nikagusa uzi wa pili.

Ampu ikaita.

Niamini. Ile sauti yake kamili, nene, ikajaa nyumba. Nikageuka nikaangalia waya wa stima wa ampu, umelala sakafuni kama nyoka aliyekufa, haujaingia popote. Nikagusa tena, nikidhani ni masikio. Ikaita tena. Nilipoinua macho, kulikuwa na mama mzee amesimama ndani ya ploti, hatua chache kutoka kwangu, anasikiliza.

Alikuwa Mmaasai, mkongwe kabisa, kichwa kimenyolewa, shanga masikioni, shuka lake limepauka hadi huwezi kujua lilikuwa rangi gani. Sikuogopa bado. Wamama wa maziwa walikuwa wanapita kila siku. "Takwenya," akasema. Nami nikajibu vile inavyojibiwa, "Iko." Tumeishi nao, tunajua adabu. Nikaweka gitaa chini, nikamwendea na kuinamisha kichwa ili anisalimie kwa mkono, kama mtoto anavyosalimiwa na mkubwa.

Akaweka kiganja utosini pangu. Kilikuwa kizito na baridi. Na nikahisi vidole vinne.

Si kwamba nilikuwa nikihesabu. Ni vile unavyohisi viatu vimevaliwa kushoto kulia. Kulikuwa na pengo. Nikainua kichwa, naye akauonyesha mkono wake wa kushoto waziwazi, bila aibu. Mahali pa kidole cha pete hapakuwa na kitu.

"Nakerai," akaniambia, yaani mtoto wangu, "ile mti yako inalia vizuri. Lakini iko na kitu yangu. Si unasikia baridi?"

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote nje ya Mama na daktari.  Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi sijakuja kwa vita," akasema. "Wewe hukuchukua. Mtu ya mbao alichukua. Lakini mimi sina mkono mzima, na wewe iko na moja zaidi. Rudisha kwangu kabla baridi haijafika hapa." Akanigusa katikati ya kiganja. "Ikifika hapo, mimi siwezi tena kukusaidia."

"Nirudishe wapi, Koko?" nikamuuliza. Koko ni nyanya kwa Kimaasai.

"Mtu ya mbao anajua."

Mama akatoka jikoni na sufuria mkononi. "Wewe msichana, unaongea na nani?" Nikamgeukia mara moja tu. Nilipotazama tena, ploti ilikuwa tupu. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye kanga ya Mama. Nikasema moyoni, basi nimepata kichaa, ni jua. Nilikuwa nimeanza hata kufurahi kwamba ni kichaa tu. Ndipo Mama akanisogelea akiwa amekunja uso.

"Na hili vumbi jekundu kichwani mwako ni la nini?"

Nikajitazama kwa kioo. Alama ya kiganja. Vidole vinne.

Mama ni mtu wa vitendo. Nilipomweleza, hakuuliza swali hata moja. Alikwenda chini ya kitanda, akatoka na mafuta ya taa na kiberiti. "Lete hiyo kitu tuichome. Nilisema tangu zamani." Hakuwa amesema lolote tangu zamani, lakini hapo si mahali pa kubishana. Nikaikumbatia gitaa. Alikuwa anavuta upande wake, mimi wangu, majirani wanachungulia. Nikamwambia, Mama, kitu cha mwenyewe kimo humu ndani, tukikiunguza tutamrudishia nini? Ndipo akaachilia. Akakaa chini, akaweka kiberiti, akaanza kulia. Mama yangu sikuwahi kumwona akilia tangu siku ya mazishi ya Baba.

Kesho yake sikwenda kazini. Asubuhi nikaenda Kajiado na gitaa yangu, na kidole cha kati nacho kilikuwa kimeanza kupoa.

Nzioka mwanzoni alicheka. Kisha akakasirika, akidhani nimekuja kulalamikia kazi yake kwa njia ya kuzunguka. "Gitaa ikikushinda, sema imekushinda!"  Nilimpa tu mkono wangu wa kushoto. Akaushika, akakibonyeza kile kidole. Akashika na kile cha kati, akauachilia mkono upesi. Kisha nikamuuliza, pole pole: huu mfupa uliutoa wapi, na ulikuwa wa mnyama gani?

Akaketi kwenye kigogo chake. "Mimi nilijua ni mbuzi," akasema.

Alieleza vizuri. Siku ile alikuwa amekwenda mbali kidogo kuliko kawaida, ng'ambo ya korongo. Akaona mawe yamekusanywa pamoja chini ya migunga, na karibu yake mifupa midogo. Sasa, kila anayekaa Kajiado anajua vijana wa Kimaasai huwa wanakwenda porini kuchinja na kula nyama, wanapanga mawe ya kuchomea. Nzioka akaona mawe, akaona mifupa, akasema hapa vijana walikula mbuzi wao wakaondoka. Akaokota mmoja ulionyooka, umekauka vizuri. Alifurahi nao njia nzima. Hakujua kwamba zamani mtu mwenye heshima alikuwa akilazwa chini ya mawe, na anayepita anaongeza lake. Mvua ya miaka ikiyatelemsha, na fisi akifukua, si mtu wa kuja kutoka Ukambani atakayejua hapa ni jikoni na hapa ni kaburini.

Aliponiangalia macho yake yalikuwa mekundu. "Na mimi nilikupea ukiwa na mikono mzima," akasema.

Akalegeza nyuzi zote, akaugonga ule mfupa kwa patasi ndogo hadi ukatoka. Lakini shida ilikuwa hii: alikuwa ameukata. Kilichokuwa kwenye gitaa hakikuwa mfupa wote. Tukamwaga mkebe wake wa vipande juu ya meza, tukachambua vipande vya mbao, misumari, vifungo, hadi tukapata ncha zake mbili, ya huku na ya huku, zinaungana sawasawa. Ila ule unga uliotoka alipokuwa akisugua kwa tupa? Huo alikuwa ameupuliza mlangoni kwa mdomo wake mwenyewe. Aliirudia hiyo mara nyingi, "Nilipuliza kwa mdomo yangu," huku tukitembea kuelekea korongoni, jua la mchana utosini, yeye amebeba vile vipande vitatu ndani ya leso yake safi ya kanisani.

Mawe yalikuwa kama alivyosema. Nzioka akavua kofia, akapiga magoti, akafukua kidogo kwa vidole, akaviweka vile vipande ndani na kuvifunika. Akaanza kuomba msamaha kwa Kikamba, akaona labda haeleweki, akageuza Kiswahili. "Mama, pole. Mimi ni fundi. Nilifikiria wewe ni mbuzi." Hata kwa woga wote ule nilitaka kucheka. Tukatafuta mawe, kila mmoja akaongeza lake.

Tukangoja. Kidole baridi. Nikakipulizia. Baridi, na sasa nilihisi kama kitu kinatambaa kuelekea kiganjani. Nikasema, basi, ni ule unga. Koko hakutosheka. Nilikaa chini kwenye nyasi kavu nikaanza kulia kwa sauti, nikiuona mkono wangu ukikatwa, nikimwona Mama akiuza vitu vya nyumba kimoja kimoja.

"Na ile ingine?"

Alikuwa ameketi juu ya mawe yake, miguu ameinyoosha kama mtu aliyefika kwake. Nzioka alikuwa pale pale na hakumwona, alikuwa ananiangalia mimi. Nikainuka, nikainamisha kichwa. Nikamwambia ukweli: nyingine ilikuwa unga, Koko, fundi aliipuliza, ikaenda na upepo, hatuwezi kuipata.

Akafikiri.  Kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu asiye na meno.

"Upepo ni ya hapa," akasema. "Imeshafika."

Akanyoosha mkono, akaweka kiganja kichwani pangu. Kilikuwa na joto. Nililia upya. "Ashe oleng, Koko," nikasema, asante sana, na niliposema hivyo uzito ukaondoka utosini.

Kidole kikaanza kuuma. Ee Mungu wangu, maumivu yale! Kilikuwa kinawaka kama kimetiwa pilipili, na mimi naruka ruka pale mbugani nikipiga kelele, "Kinauma! Kinauma!" na Nzioka akidhani nimeumwa na nyoka. Nikakichoma kwa kucha zangu, nikamwambia Nzioka nichome na wewe. Akanibana ncha ya kidole nikapiga yowe, na yule fundi akatupa kofia yake juu na kucheza, peke yake, bila ngoma. Tulirudi mjini tunachekacheka kama walevi. Alininunulia chai na mandazi, nikala kwa mkono wa kushoto makusudi, nikivisikia vidole vyangu vyote vitano vinaungua kwa joto la kikombe.

Mama alikuwa amesimama getini nilipofika.  Alinishika mkono, akauweka shavuni pake, akaushikilia hapo.

Tangu siku hiyo sijawahi kuugua mkono huu. Nimepiga chapa, nimefua, nimebeba watoto, na hadi leo ninapiga gitaa ile ile kanisani, uzi wa pili umetulia kuliko wote. Nzioka alinitilia mfupa mwingine wa ng'ombe wa buchari, tukamchagua ng'ombe pamoja, mimi nikimwona akining'inia. Aliuchemsha kwa sabuni ya unga hadi mafuta yakaisha. Anadai sauti imepungua kidogo. Mimi sisikii tofauti, na hata ningeisikia nisingesema. Hakuokota tena mfupa mbugani hadi alipoacha kazi, na mteja akiuliza kwa nini, alikuwa anamwambia aulize yule karani wa Kitengela.

Kilichonibakia ni tabia moja tu. Nikipita mahali nikaona mawe yamekusanywa na sijui ni ya nini, natafuta langu naliongeza. Watoto wangu hunicheka. Wacheke.

Na wewe, kama una gitaa, au kisu chenye mpini wa mfupa, au shanga nyeupe ulizouziwa na mtu asiyejua vizuri alikozitoa, kamuulize leo. Akisema aliokota, muulize aliokota wapi, na mwende naye mrudishe. Mimi nilipata nyanya mwenye huruma, akaja hadi mlangoni pangu akanieleza. Wako huenda asiwe na muda wa kueleza.